Mlango wa Ndumilakuwili

Shule ile ya msingi ina mlango mmoja, nao uko katikati ya ukuta wa mbele. Mgeni akiutazama haoni ajabu yoyote. Lakini akizunguka mpaka ubavuni, ataona alama ya mlango mwingine uliozibwa, na upande wa pili hivyo hivyo, na matofali yaliyoziba hayalingani na yale ya ukuta. Akiuliza, ataambiwa kwamba shule ilijengwa na wazee wetu kwa umoja na mshikamano. Uongo mtupu. Shule ile ilijengwa kwa chuki, tofali juu ya tofali, na aliyeimaliza hakupigiwa hata kofi moja.

Kijiji kilikuwa na pande mbili, Juu na Chini. Watu wa Juu walikaa mlimani, watu wa Chini walikaa bondeni kando ya kijito. Ng'ombe wa Juu walikivuruga kijito kabla maji hayajateremka, na watu wa Chini wakaapa kwamba wanateremshiwa kinyesi makusudi. Watu wa Juu wakajibu kwamba anayekerwa ahamie mlimani, kama atapata wa kumuuzia kiwanja. Matusi hayo yalikuwa yamekwisha kuwa urithi. Mtoto alijua kuutukana upande wa pili kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake.

Binti Fundi alizaliwa Chini akaolewa Juu. Baba yake alikuwa mwashi, na kila nyumba ya maana pale kijijini ilipitia mikononi mwake. Mumewe alikuwa mwanagenzi wa mzee huyo, kijana wa Juu aliyeshuka kila asubuhi kukanyaga udongo, akaishia kupanda mlima na mwari. Watu wa Chini wakasema yule binti amehama na siri zao. Watu wa Juu wakasema ameletwa kuwapeleleza. Wakampa jina moja pande zote mbili, Ndumilakuwili, na hilo ndilo jambo la pekee walilowahi kukubaliana.

Mzee alipofariki, aliacha kalibu yake ya kufyatulia matofali, mbao ngumu iliyolainika kwa miaka ya mikono yake. Mume wa Binti Fundi alisema mzee alimwahidi yeye. Kaka yake Binti Fundi, mwashi naye, aliichukua hata matanga hayajaanuliwa.

"Shemeji," alisema mbele ya waombolezaji, "dada yangu ulishambeba. Kalibu nayo unaitaka? Si ubebe na paa kabisa, tulale nje!"

Watu wa Chini wakaangua kicheko msibani. Mume akapanda mlima bila kuaga, akachonga kalibu yake mwenyewe, akaiongeza unene kwa upana wa kidole.

"Tofali la Juu halitalingana na la Chini maisha," alisema huku akiipiga msasa.

"Tofali ni tofali, baba Chiriku," mkewe alimwambia.

"Wewe si fundi. Wewe ni binti wa fundi. Kuna tofauti."

Chiriku ndiye mtoto wao wa pekee, msichana wa maneno mengi, ndiyo maana akaitwa hivyo. Alikuwa akisoma chochote kilichoandikwa, yaani alikuwa akijifanya kusoma: mifuko ya saruji, makopo ya rangi, kanga ya bibi yake. Alikitazama kitu kwa makini kisha akatunga maneno yake. Shule ya karibu ilikuwa ng'ambo ya mto mkubwa, mahali ambapo mtoto hafiki kwa miguu akarudi kukiwa bado mchana. Binti Fundi mwenyewe hakusoma. Alijua kuandika kitu kimoja tu, alama ya mshale ambayo baba yake aliichora kwenye tofali la kwanza la kila nyumba.

Ndipo alipokuja Mkaguzi wa elimu, mtu mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza. Alisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, pale mpakani, Juu wakiwa mkono wake wa kulia na Chini mkono wa kushoto.

"Mmeniandikia maombi mawili ya shule mbili," alisema. "Sina walimu wawili. Ninaye mmoja, na huyo mmoja mwenyewe mvivu. Jengeni chumba kimoja, paa moja. Nikirudi shule zikikaribia kufunguliwa nikute kuta ziko tayari, nilete mabati na mwalimu. Nisipokuta, vinakwenda kijiji kingine. Na mtoto aliyevuka umri wa darasa la kwanza mwakani simwandiki. Msije kunililia."

Binti Fundi alimshika Chiriku bega. Chiriku alikuwa ukingoni kabisa mwa umri huo. Mwakani angekuwa amevuka.

"Tukijenga chumba kimoja, mlango utaelekea wapi?" aliuliza mtu wa Juu.

"Kwa vyovyote hautaelekea kwenu," alijibu mtu wa Chini, na Mkaguzi akashuka kwenye ndoo akaenda zake.

Wakakubaliana, kama yale yanaitwa makubaliano. Kila upande ungejenga nusu ya chumba kutoka ubavu wake, uje mpaka katikati. Kila upande uwe na mlango wake kwenye ukuta wake wa ubavuni, mtoto wa Juu asikanyage pa Chini wala wa Chini asikanyage pa Juu. Na ili asiwepo wa kumzidi mwenzake, kila upande ujenge kozi zile zile, yaani safu za matofali, idadi sawa, asiongeze mtu hata tofali moja. Mume wa Binti Fundi akasimamia nusu ya Juu. Kaka yake akasimamia nusu ya Chini. Hawakupeana mikono.

Hakuna kijiji kingine duniani ambacho kingepima ukuta kwa kuhesabu kozi wakati kila fundi ana kalibu yake. Lakini hawa walikuwa wanalindana wasizidiane, si wanajenga shule. Kila jioni Juu walituma mtu kuhesabu kozi za Chini, na Chini walituma mtu kuhesabu za Juu. Hesabu ilikuwa sawa kila siku, na kila siku wote walirudi wamenuna kwa kukosa kosa.

Kuta zilipokutana katikati, mbele na nyuma, kosa likajionyesha lenyewe. Upande wa Juu ulikuwa umezidi kwa zaidi ya shibiri. Kozi hazikukutana, kwa hiyo tofali la huku halikuweza kuumana na la kule. Kuta zilisimama zimegusana mabega tu, kama watu waliolazimishwa kupiga picha pamoja.

"Mmeiba!" Chini wakapiga kelele.

"Hesabu kozi!" Juu wakajibu. "Hesabu, kama mnajua kuhesabu!"

Wakahesabu. Zilikuwa sawa.

Mvua moja tu ikanyesha, na pale katikati pakaachana, nyufa mbili ambazo mkono wa mtu mzima ulipita. Kuezeka hapo ni ndoto, maana boriti ingelala upande kama kitanda kilichovunjika mguu. Na habari ikafika kwamba Mkaguzi anakuja Jumatatu.

Binti Fundi alimwendea mumewe kwanza. Alimkuta uani akinoa shoka.

"Baba Chiriku, shusha zile kozi mbili za juu. Paa litakaa."

"Niushushe ukuta wangu ulingane na wa kaka yako?" Hakuinua hata uso. "Bora watoto wasome mvua ikiwapiga."

"Mtoto mwenyewe ni wako."

"Na ukuta ni wangu."

Akateremka bondeni kwa kaka yake. Kaka alikuwa amekaa barazani na ile kalibu ya marehemu baba yao imening'inizwa ukutani nyuma yake kama picha ya harusi.

"Kaka, pandisha wewe kozi mbili. Nakuomba."

"Tulisema kozi sawa. Nikipandisha, watasema Chini tulihesabu vibaya. Unataka watuchekee?"

"Mpwa wako atakosa shule."

"Mpwa wangu ana baba. Baba yake akamfundishe kuchonga kalibu, si ndiyo elimu yao huko?" Kisha akamtazama sawasawa. "Nani kakutuma, dada? Wao?"

Alipanda mlima akiwa amemeza maneno yasiyomezeka. Njiani alimpita wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mrefu aliyekuwa hampendi tangu siku ya harusi na hakuwahi kuficha.

"Umetoka kupeleka habari zetu?" wifi aliuliza.

"Nimetoka kuomba. Nawe una mwana wa umri wa Chiriku. Umemwomba nani?"

Wifi akasonya, akapita.

Ijumaa, wanaume wa pande zote mbili wakafanya jambo moja kwa wakati mmoja, kila upande ukidhani umewahi. Walikwenda kushtakiana ofisi ya kata. Juu walipita njia ya mlimani, Chini walipita njia ya kijito, wote wakielekea dawati lile lile, kila kundi limebeba tofali la upande wa pili kama ushahidi.

Kijiji kikabaki kimya. Binti Fundi akaingia chumba cha zana cha mumewe, akatoa nyundo kubwa, tindo na mwiko. Akaikunja kiganjani kamba ya kunyooshea kuta aliyoachiwa na marehemu baba yake, akaifunga kiunoni, akashuka mpaka mpakani.

Akaanza na ukuta wa mumewe. Alipanda juu ya pipa, akang'oa kozi ya kwanza ya juu, tofali moja moja, akiyatupa majanini. Mikono ilikumbuka yenyewe. Alipokuwa mtoto alikuwa akimshikia baba yake timazi, na mzee hakuwahi kumwambia kwamba wewe ni binti wa fundi, kuna tofauti. Alikuwa akimwambia tu, "Shika sawa."

Vishindo vikawaleta wanawake. Kwanza wa Chini, kisha wa Juu, wakasimama kila kundi upande wake.

"Ndumilakuwili kapata wazimu!" mmoja akasema.

"Si wazimu, katumwa. Anabomoa kwetu."

"Kwenu wapi? Huoni anabomoa kwao?"

Alipomaliza kushusha ukuta wa Juu, akahamia katikati. Hapo akapiga kotekote, huku na kule, akaufungua ule ufa mpaka ukawa uwazi wa kupita mtu na mzigo wake. Nyuma akafanya vivyo hivyo, ila huko akaishia kwenye kimo cha kiuno, pawe dirisha. Matofali manene ya Juu akayarundika peke yake, membamba ya Chini peke yake. Nguo ilimgandia mgongoni.

Wifi yake alikuja akamsimamia, mikono kiunoni.

"Kaka yangu akirudi, atakuua."

"Basi nichanganyie udongo, nife nimemaliza."

"Mimi? Nikuchanganyie udongo wewe?"

"Si mimi. Mwanao."

Wifi akaangalia lile shimo la udongo. Akaangalia wanawake wenzake waliokuwa wanamwangalia. Akavua viatu.

"Usidhani nakusaidia," alisema akikanyaga. "Sikupendi. Sijawahi kukupenda. Hata chai yako siipendi, unaichemsha kama unafua."

"Ongeza maji, unakanyaga mkavu."

"Na unajifanya unajua!" Akaongeza maji.

Uwazi ule ulihitaji mti wa kulaza juu yake ili ukuta usishuke tena. Hapakuwa na mti wa kufaa. Wifi akaondoka, akarudi akiburura gogo lililonyooka, mti wa kufungia zizi la ng'ombe wake.

"Ng'ombe nao watazuiwa na nini?" mwanamke mmoja wa Juu akashangaa.

"Na wateremke wakalale Chini," wifi akasema. "Si wanasema wanawachukia? Wakawakumbatie."

Mwanamke mmoja wa Chini alicheka, kisha akajifunika mdomo. Baadaye huyo huyo alikuja kushika ncha moja ya ule mti, akisema hafanyi hivyo kwa ajili ya mtu, ila hapendi kuona mti mzuri ukidondoka. Wengine wakafuata, kila mmoja na sababu yake ya uchungu. Walitukanana kutwa nzima. Walitukanana wakipokezana ndoo, wakatukanana wakinyoosha kamba. Atakayesema palikuwa na nyimbo pale amekudanganya.

Mwisho Binti Fundi akaigeukia ile milango ya ubavuni. Mlango wa Juu akauziba kwa matofali ya Chini. Mlango wa Chini akauziba kwa matofali ya Juu. Alipandisha mpaka juu kabisa, akakwangua udongo uliozidi, akaketi chini kwa mara ya kwanza.

"Kwa nini umebadilisha?" wifi aliuliza. "Ya kwetu ungeweka kwetu."

"Subiri warudi."

Walirudi jua likianza kuinama, makundi mawili, hasira zao zimeongezeka kwa kuwa kule kata walikuta mwenye dawati amekwenda likizo. Waliona mlango katikati. Wakaona milango yao haipo. Zikapasuka kelele ambazo zingefanya hata mawe yaombe msamaha.

"Nani kashusha ukuta wangu?" mume alifoka.

"Mimi."

"Wewe!" Kila mwanaume wa Juu alikuwa anamtazama. "Umenivua nguo mbele ya hawa!"

"Na mlango wetu?" kaka naye akaja juu, ameshika mtaimbo. "Dada, damu moja na mimi, umenizibia mlango kwa takataka za Juu? Nauvunja sasa hivi!"

"Vunja," Binti Fundi alisema. Alikuwa bado ameketi. "Lakini tazama kwanza unavunja nini. Hayo ni matofali ya Juu. Ukiyavunja, umevunja mali yao, nao wako hapa wanaona. Watakudai hata kaburini."

Watu wa Juu wakaitika, "Naam! Ajaribu aone!"

"Na wewe, baba Chiriku, mlango wako umezibwa kwa tofali la Chini. Gusa moja tu, uwape sababu waliyoitafuta miaka yote."

"Aguse!" Chini wakapayuka. "Aguse tofali letu tumwonyeshe!"

Mume akasimama na shoka. Kaka akasimama na mtaimbo. Kila mmoja alikuwa na ukuta wa adui mbele yake na adui mgongoni akiulinda. Kaka alipandisha mtaimbo, akaushusha, akauchomeka ardhini. Mume akatema mate.

"Mwanamke huyu si dada yangu," kaka akasema.

"Na chakula asinitengee tena, nahamia kwa dada yangu," mume akasema.

"Sawa," Binti Fundi akajibu. "Ila mabati yakija mpande mkaezeke."

Mkaguzi alikuja. Alizunguka chumba, akausukuma ukuta kwa bega, akausukuma tena kwa mguu kana kwamba anautafutia ugomvi. Ukuta haukujibu. Akaitazama ile milango iliyozibwa kwa matofali yasiyolingana.

"Huu ni mtindo gani?"

"Ndio mtindo wetu," alisema kaka haraka, maana asingekubali aibu isemwe na mtu wa Juu.

"Ndio mtindo wetu," alisema mume, maana asingekubali kaka awe wa mwisho kusema.

"Na fundi ni nani?"

Mume akatazama mlimani, kaka akatazama bondeni. Hakuna aliyetaka kusema ni yeye, wala aliyetaka mwenzake aseme. Chiriku, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Ni mama," na Mkaguzi akacheka peke yake, akidhani mtoto anafanya utani. Akaagiza mabati.

Wakaezeka, kila fundi akigongelea misumari kutoka ubavu wake, wakakutana katikati juu ya paa wamepeana visogo.

Siku ya kwanza ya masomo watoto waliingia kwa mlango ule mmoja. Wa Juu walijibana kwenye mwimo wa kulia, wa Chini kwenye wa kushoto, ndiyo maana mpaka leo udongo umelika pembeni kote kuwili na kizingiti cha katikati ni kizima. Ndani wakagawana chumba vivyo hivyo. Mtoto wa wifi akaenda kwa wenzake wa Juu. Chiriku akabaki amesimama. Wa Juu wakamwambia mama yako ni wa Chini. Wa Chini wakamwambia baba yako ni wa Juu, na mama yako ni Ndumilakuwili. Mwalimu, kwa ule uvivu wake, hakuhangaika kuwasuluhisha. Alimwambia akae popote, na Chiriku akakaa pale katikati, usawa wa mlango, ambapo mwanga ulikuwa mwingi kuliko kote.

Kaka mtu hakumsemesha dada yake kwa muda mrefu. Wifi alikuja siku moja kudai mti wake wa zizi, akanywa chai, akaisema vibaya, akaomba nyingine.

Mume alirudi kulala nyumbani mvua zilipozidi, kwani kwa dada yake paa lilivuja. Alikula ameugeukia ukuta, akimpa mkewe mgongo, naye mkewe alimtengea chakula bila neno. Jioni moja Chiriku alikaa kwenye mkeka na kitabu cha darasa la kwanza, kidole chini ya herufi, akisoma kwa sauti. Safari hii hakutunga. Alikwama, akarudi nyuma, akasogea, akalikamata neno likawa neno.

"Mwambie apunguze kelele," mume aliuambia ukuta.

"Mwambie mwenyewe," Binti Fundi akajibu.

Hakumwambia. Mkono wake ulisimama juu ya sahani, tonge limebanwa vidoleni, na hakulipeleka kinywani mpaka mtoto alipofika mwisho wa ukurasa.